Barafu Kwenye Pampu

Kwako mchumba wangu uliye mbali,

Barua yako ya kunitaka niache kazi kabla ya harusi nimeipata. Nitaijibu, ila kwanza nikupe hii habari maana itanipasua!

Jana, jua linawaka, ile pampu yetu ya maji machafu inayoendeshwa na upepo wa kompresa ikazima ghafla. Shimo likaanza kujaa, karibu limwagikie barabarani. Fundi mkuu akasema, "Mipira ya ndani imepasuka. Hii maiti, binti, tafuta sanda."

Nikagusa pale inapotolea upepo. Baridi! Kuchungulia, barafu, mpenzi, barafu juani!

"Fundi, maiti wako hajafa, kaganda!"

Kumbe upepo wa kompresa ukitoka kwa kasi hupoa sana, na huu ulikuwa na unyevu; unyevu ukaganda, ukaziba njia. Nikafunga upepo, nikamwaga maji yaliyojaa kwenye kichujio cha upepo, nikamimina birika zima la maji ya moto juu ya barafu. Nilipofungulia tena: du-pa, du-pa, du-pa! Fundi mkuu alicheka mpaka kofia ikadondoka.

Mama anakusalimu, goti lake lina nafuu.

Haya, sasa jibu langu. Unasema mama yako hataki mkwe anayenuka maji ya shimo. Nakupenda, hilo usilitilie shaka. Lakini leo asubuhi fundi mkuu amenikabidhi pampu zetu zote tatu nizisimamie, na nimeshakubali kabla ya kukuuliza. Sasa ndiyo nakuuliza: harusi bado ipo?

Wako, mwenye grisi mpaka kwenye nyusi.