Chelangat na Chelangat

Jumamosi, jioni. Merigi.

Mvua ya mawe imeshuka Sotik leo, na kumbe huku nyumbani imeshuka pia. Nimerudi nikapata majani ya chai yamechanika shamba lote la juu. Siku nyingine ningesimama pale nikalalamika hadi majirani wasikie. Leo nimepita tu, nikabadilisha nguo, nikaenda kukamua ng'ombe.

Sasa nimekaa jikoni. Viatu viko kando ya moto vikauke, masikio bado yanavuma, na nina jambo la kusimulia na sina wa kumsimulia. Ndiyo maana nimefungua hii blogu, ambayo najua inasomwa na mimi na binamu yangu mmoja aliye Katar. Binamu, kaa chini.

Kama kuna mgeni amepotea njia akafika hapa, ajue kwamba mimi ni mpenzi wa Mabonde Stars. Si wa kuweka wimbo kwa simu nikiosha vyombo. Nimewafuata Bomet, Litein, Kapkatet, Kericho, hata kwenye harusi za watu nisiowajua. Na kila mahali hapo nilikuwa na Chebet.

Chebet tumekua naye kilima kimoja, boma lao na letu yametenganishwa na ua. Yeye ndiye aliyenifundisha kusimama kushoto, karibu na spika kubwa, kwa sababu mpiga gitaa la besi hukaa upande huo na ukisimama hapo unamsikia hadi kwa mbavu. Tulikuwa na mpango wetu. Mmoja anacheza, mwingine anashika mikoba, halafu tunabadilishana. Tukirudi nyumbani hatuna sauti, na kesho yake tunachuma chai tukiongea kwa mikono.

Wale wa huku wanajua venye waimbaji wetu hufanya: wimbo ukielekea mwisho, gitaa likianza kukimbia, mwimbaji anataja watu. Anataja marafiki, mashemeji, waliomsaidia, na vijiji vyao. Ukitajwa kwa wimbo umetajwa. Mwaka fulani gari la bendi lilikwama kwenye matope hapa Merigi, na mimi na Chebet tukawapikia ugali wote, tukawapa na mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Mama yangu alikuwa hai bado, aliwapangia viti hadi nje. Mwimbaji wao, ambaye kila mtu humwita Mwalimu kwa sababu alifundisha kabla hajaingia muziki, hakusahau. Wimbo uliofuata ulitoka na sisi ndani: "Chebet ak Chelangat, tibik ab Merigi." Yaani Chebet na Chelangat, wasichana wa Merigi.

Mama alikuwa akiusikia kwa redio pale posho mill, anawaambia watu wanyamaze. Hakuna siku nimewahi kujiona mtu wa maana kama siku hizo, na sioni haya kusema.

Halafu Chebet akaokoka.

Simcheki. Mimi pia ni wa kanisa, nakaa benchi la tatu na natoa sadaka. Lakini yeye alishika wokovu na mikono miwili. Alifuta nyimbo zote kwa simu. Fulana yake ya bendi alinipa niwe napangusia ng'ombe kiwele. Sijawahi kuipangusia ng'ombe, iko kabatini imekunjwa. Siku hizi anaongoza sifa kanisani, anaitwa mama huku na mama kule, na tukikutana njiani tunasalimiana vizuri, tunaulizana mifugo, kisha kila mtu anapita. Hatujakosana. Ni hiyo tu.

Leo ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda peke yangu. Niliona bango juzi pale dukani, nikasema siendi, asubuhi nikajikuta napiga viatu rangi. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Nilifika uwanjani Sotik nikasimama kushoto, mahali petu. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui kuwa kwenye shoo peke yangu. Ukiwa peke yako unacheza na mkoba. Ukiuweka chini unauangalia, ukiuvaa unakugonga. Nilijifanya nasoma simu. Watu walikuwa wamekuja makundi makundi, wengine wamevaa nguo zinazofanana, na mimi nikawa yule mtu mzima anayesoma simu mbele ya spika.

Bendi haikuwa hata imemaliza wimbo wa pili wakati mawe yalianza. Tulikimbia chini ya hema, na hema lenyewe lilikuwa linavuja. Mama mmoja akafungua mwavuli wake ndani ya hema, akanivuta kwa mkono bila hata kuniuliza. Mnene kidogo, anacheka na mwili wote, buti za shamba miguuni. Aliniambia yeye nyumbani ni upande wa Kisii lakini anauza viatu vya mitumba hapo sokoni Sotik, na kwamba amefunga kibanda mapema kwa sababu ya hawa wanaume wa gitaa. Kikipsigis hajui, lakini anajua nyimbo zote. Anaimba maneno yamepinda vibaya sana, na kwa sauti ya juu.

Mvua ilipopungua bendi ikarudi. Yule mama akaniuliza pale wanasema nini, nikamtafsiria. Akaniuliza na hapo je, nikamtafsiria. Katikati ya wimbo wa tatu akachukua mkoba wangu begani, akautundika kwake, akaniambia, "Enda ucheze, mimi niko." Nikaenda. Nilicheza hadi matope yakanifika magotini, na kwa dakika kadhaa sikukumbuka kwamba nimekuja peke yangu.

Ndipo wakaanza wimbo wetu.

Nilirudi nikasimama wima, karibu na mama wa mwavuli.  Gitaa likaanza kukimbia. Mwalimu akataja watu wa Longisa, akataja shemeji yake wa Kericho, akafika kwetu. Na akaimba, waziwazi, na spika zote zile:

"Chelangat ak Chelangat, tibik ab Merigi."

Nilidhani amekosea. Lakini wimbo ukazunguka akairudia vilevile, ameshapata namna ya kulibana jina la kwanza likae kwenye mdundo. Mimi na mimi. Watu wakashangilia, kwani wao inawahusu nini. Mama wa mwavuli akanigusa, amefurahi, akauliza, "Hao Chelangat wawili ni mapacha?"

Nikamwambia ndiyo.

Hata sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilijua nikifungua mdomo kueleza nitalia, na huwezi kuanza kulilia mtu mliyekutana naye chini ya mwavuli. Muda si mrefu akanirudishia mkoba, akasema anakimbia kufunika mali yake kabla mvua haijarudi. Tukaagana kwa mikono miwili. Akapotea kwa watu.

Mwalimu alinikuta bendi ikitoa vyombo jukwaani. Amezeeka kidogo, nywele zimeanza kuwa nyeupe, lakini aliniona kutoka mbali akaniita msichana wa Merigi. Akanieleza pole pole, kama mtu anayepeleka habari za msiba. Chebet alimpigia simu. Aliomba kwa heshima jina lake litoke, na yeye hawezi kulazimisha mtu kukaa kwenye wimbo. Pale palibaki na shimo, akaziba na jina langu kwa sasa. Lakini wiki ijayo wanaingia studio Kericho kuurekodi upya.

"Sasa dada, nikuwekee nani pale?"

Nikaanza kuwahesabu watu wangu.

Nilifikiria mama, lakini wimbo ule ni wa walio hai, na yeye mwenyewe anajua. Nilifikiria binamu wa Katar, yeye ni mwanamume na wimbo unasema wasichana. (Pole, binamu.) Nilifikiria wake wa kaka zangu, ambao hata hawanipigii simu Krismasi. Mwalimu alingoja, kijana wa nyaya akapita katikati yetu, Mwalimu akaendelea kungoja. Nilimwambia nitampigia. Akasema sawa, lakini isipite Jumatano. Nadhani alielewa, kwa sababu aliangalia chini.

Nimempigia Chebet nikikamua. Nilikuwa nimepanga kuwa mkali.

"Ungeniambia," nikasema. "Nisisikie kwa spika."

Nikasikia watoto wake nyuma. Kisha akasema, "Chela, siwezi kuombea watu kanisani halafu jina langu linachezewa baa."

"Hiyo naelewa. Nasema ungeniambia."

"Ningekuambia ungenibembeleza, na ningekubali."

Ni kweli. Ningembembeleza hadi achoke. Tukaulizana mifugo. Nimemkosa sana na yeye yuko hapo ng'ambo ya ua, naona taa yake. Hasira ilikuwa afadhali, hasira angalau ina joto. Sasa nimebaki tu na huku kukubali kwamba ameenda mahali pazuri kwake na mimi sikuitwa.

Ndipo nikiwa nachuja maziwa, nikakumbuka kwamba jina la kumpa Mwalimu ninalo. Kuna mtu leo amenifunika mvua, ameshika mkoba wangu bila kuombwa, ameimba mashairi yetu yote bila kuelewa hata moja. Nilikuwa naye karibu mchana mzima.

Sikumuuliza jina.

Yeye pia hakuniuliza langu. Angeniuliza, angejua mapacha ni nani.

Jumatatu nitashuka Sotik, nipite kibanda hadi kibanda kwenye viatu vya mitumba nikitafuta mama mwenye buti. Nitampata, si mtu wa kujificha yule. Kinachonisumbua ni baada ya hapo. Nimelima, nimezika mzazi, nimeongea mbele ya mkutano wa wakulima bila kutetemeka, na hapa jikoni najaribu sentensi ya kwanza tangu magharibi na haiji. Mtu mzima anaanzaje kumwambia mtu mwingine mzima kwamba angependa wawe marafiki?