Jina Nililoliruka

Jumatatu, 4 Novemba
Jenereta imewaka saa tatu. Nimechapa mpaka vidole vikafa ganzi. Ni orodha mpya kutoka kambini, ng'ambo ya ziwa: watu wetu waliokimbia vita, walio hai. Jumapili itasomwa makanisani, hapa Baraka na kule Lweba. Ofisini ni mimi na shefu, mkuu wangu, na shefu haongei.

Kompyuta inasaidia. Nikiandika herufi mbili tatu, inanitolea majina iliyokwisha kuyaona katika mafaili yote, nami nachagua. Ila jina moja linatokea mara mbili, mara tatu, kila moja na faili lake pembeni. Linanichosha macho.

Jumanne, 5 Novemba
Nimepata pa kubonyeza. Sasa kila jina linatokea mara moja tu. Nimejiona fundi. Shefu naye anataka marudio yaondoke, karatasi ni chache. Basi nimejipangia hivi: kompyuta ikinimalizia jina pamoja na kijiji, limeshaandikwa, naliruka. Kazi inakimbia.

Jumatano, 6 Novemba
Leo niliandika A, l, i, mwanzo wa jina jingine la kambini. Kompyuta ikamalizia: Alimasi, Baraka. Mume wangu! Moyo ulinilipuka. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeliandika, kwenye faili la wanaotafutwa. Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Novemba
Mama Nyassa amekuja kwa miguu kutoka Lweba kumuulizia binti yake Riziki, waliyepotezana naye siku watu walipogombania mitumbwi. Mwezi uliopita tulimwandika Riziki Wabiwa wa Lweba, lakini huyo ni binti wa shemeji yake, na barua yake ilishafika. Nikamwambia angoje Jumapili.

"Kama haiko mu hii," akasema, "basi. Nitalia matanga yake."

Nilitamani abaki kidogo tuzungumze. Sikumwambia.

Jumapili, 10 Novemba
Orodha imesomwa. Waliosikia majina ya watu wao walipiga vigelegele, wakakumbatiana. Mimi hakuna aliyenikumbatia. Nyumbani nimepika bukari, ugali wetu, ya watu wawili. Mazoea mabaya.

Jumatatu, 11 Novemba
Nilikuwa napanga karatasi za kambi zilizokwisha kuchapwa. Ukurasa wa tatu: Riziki Wabiwa, Lweba, miaka kumi na saba, peke yake.

Yule wa shemeji yuko kambini na watoto wake mapacha.

Nimekaa chini. Mimi mtoto wa hapa hapa! Najua kwetu kila ndugu humpa binti yake jina la mama yao. Ukoo mmoja utakuta wana Wabiwa watatu, wanne. Najua, na bado niliruka. Nilimfuta mtu nikidhani nafuta marudio.

Nimeirudisha kompyuta ilivyokuwa, nikamwandika niliyemruka. Riziki Wabiwa, mara mbili, faili hili na lile. Nimeanza kukagua upya karatasi zote. Hadi sasa nimepata wengine watano niliowaruka. Nikajaribu Alimasi. Mara moja tu, faili la wanaotafutwa.

Nilitaka kwenda Lweba palepale. Askari wamefunga barabara.

Jumanne, 12 Novemba
Bado imefungwa. Milio ya risasi upande ule. Nimemwambia shefu kosa langu. Akasema tutarekebisha orodha ijayo. Orodha ijayo! Nimemchukia.

Jumatano, 13 Novemba
Muuza samaki amepita kutoka Lweba kwa mtumbwi. Kwa Mama Nyassa kuna matanga. Amenyoa kichwa.

Alhamisi, 14 Novemba
Barabara imefunguliwa. Nimekwenda kwa miguu na karatasi ya kambi ndani ya nguo. Kwenye kizuizi waliniuliza nabeba nini. Nikasema jina la mtu. Wakacheka, wakaniacha.

Nilimkuta Mama Nyassa uani, wanawake wawili pembeni yake. Nikaeleza yote, na kwamba kosa ni langu. Nilingoja anitukane. Ingekuwa afadhali.

"Soma," akasema. Nikasoma. "Soma tena." Nikasoma tena, na miaka, na kijiji.

"Iko muzima?"

"Iko muzima, mama."

Akajipapasa kichwa kilichonyolewa.

"Mi nilishagawa manguo yake yote," akasema.

Akasimama, akatoka na wale wanawake kwenda nyumba moja baada ya nyingine. Hakuna aliyeniambia nikae wala niende. Nikabaki peke yangu uani, mpaka akarudi na sketi moja ya shule, akaanza kuifua.