Chungu cha Matundu Matatu

Mbugani Wembere, 4 Agosti 2024

Kaka Kefa,
Shikamoo. Wifi na Loyce hawajambo huko Itigi? Sisi wazima, mtama upo. Simu yangu imetumbukia kwenye ndoo, ndo maana barua.

Nimepata kibarua, napikia wataalamu wa mambo ya kale. Wanachimba pale kwenye mwinuko katikati ya matete. Wanasema zamani walijificha watu waliotoroka misafara ya watumwa. Mpaka mnyororo wamepata! Ulivyomkatalia Chediel asimwoe Loyce, ukasema huozeshi binti yako kwa ukoo wa watumwa, watu wa tope waliojificha matetini, wenzio walikununia. Sasa waje waone! Ila Loyce bado analia? Chediel kakonda kama ufito.

Mdogo wako Damari

11 Agosti

Kaka,
Shikamoo. Habari za huko nitauliza mwisho.

Jana wamechimba milangoni mwa vile vibanda. Kila mlango, chini yake chungu kidogo kimefudikizwa, kitako kimetobolewa matundu matatu. Kaka! Mwiko ukanidondoka. Si ndo baba alivyofukia kitovu chako, na changu, na cha Loyce? Iramba nzima nani mwingine anafanya hivyo?

Nikakimbia kwa bibi yake Chediel, Bibi Rahel. "Na nyie mnafukia chungu?"

Akacheka mpaka mapengo yote yakaonekana. "Sisi? Vitovu vyetu viko zizini. Huku tulifuata malisho. Wa chungu si nyie?"

"Ulijua?"

"Tangu nimeolewa. Mtu ataambiwaje asili yake na jirani?"

Habari zote za kijiji hiki zinapita kwangu, kaka. Hiyo imenipitaje?

Wifi hajambo?

Damari

Itigi, 15 Agosti

Damari,
Marahaba. Hatujambo. Funga mdomo. Mtu asijue.

Kaka yako

18 Agosti

Kaka,
Shikamoo. Mgongo wa wifi vipi? Umechelewa. Nilishasema kisimani, na kanisani wao ndo wakanisimulia mimi.

Mbona barua fupi hivyo?

Damari

Itigi, 29 Septemba

Damari, mdogo wangu,
Marahaba. Wifi yako anakusalimia, mgongo una nafuu.

Juzi nilikaa mlangoni nikamkumbuka baba, siku anatoboa chungu cha Loyce. Nilimuuliza matundu ya nini. Akasema, "Mtoto apumue akijificha." Sikumuuliza anamkimbia nani.

Nenda kwa Bibi Rahel. Usimwambie nimekubali. Muulize kama wao bado wanatutaka.

Loyce yupo hapa, kasimama nyuma yangu anasoma.

Kaka yako Kefa