Hita Inayomwogopa Fundi

Jumatatu, 11 Januari 2010
Asubuhi kama kawaida: chai, kipimajoto, hasira. Sebuleni 14. Jikoni 21. Nyumba moja, ukuta mmoja! Hita ya sebuleni, lile bati refu chini ya dirisha, imekufa tangu Krismasi. Koki yake ya pembeni nimeifungua hadi namba ya mwisho. Nimetoa hewa kwa kile kifunguo kidogo, maji yakaniruka usoni. Bado baridi. Mama analala humo, kwenye kochi. Miaka minane nimehangaika na makaratasi atoke Kigoma aje kwangu Rågsved, huku ughaibuni kwenye theluji, na sasa anakaa ndani ya nyumba yangu na koti limefungwa vifungo hadi shingoni. Nimepiga simu kampuni ya nyumba. Foleni, muziki, foleni. Fundi atakuja Alhamisi.

Alhamisi, 14 Januari
Niliomba ruhusa kazini, kule nyumba ya wazee. Wakanuna. Mama aliamka mapema kuandaa sebule. Alivua vitambaa vyake vyote alivyovifuma, akavikunja, akavitia sandukuni. Fundi ana grisi mikononi, mama anasema, hagusi kazi yangu. Fundi alifika saa nne, mzee mrefu, viatu kavisha mifuko ya plastiki. Akashika hita. Ya moto! Khaa! Ya moto kabisa. Akanitazama kwa jicho la pembeni, akanywa chai ya tangawizi ya mama, akaenda zake.

Jioni 15. Nilitukana hadi nikaona aibu mbele ya mama.

Jumapili, 17 Januari
Mama amesema bila kulia, na hilo ndilo limenichoma. Kifua kinambana. Vidole vinakufa ganzi, hashiki tena sindano ya kufumia. Nimrudishe Kigoma kabla ya Pasaka. Hana lawama, anasema. Nyumba ya mtoto wake haikumpokea, basi.

Kanisani nikawamwagia yote kina mama wa kwaya: kampuni inatubagua, kwa wazungu wangekuwa wametengeneza siku ile ile. Wote wakaguna. Nikajisikia vizuri kwa nusu saa.

Jumatano, 20 Januari
Fundi mara ya pili, yule yule. Hita ya moto. Nimeipiga teke. Akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza wazee wangu kazini: maji yanafika, pampu nzima, ndiyo maana jikoni kuna joto. Akaniuliza kama naelewa namba za koki. Mimi! Nimemfungulia mlango atoke. Mama amenitazama sana. Kwake mtu hatolewi nje kabla ya chai. Kisha akaanza kurudisha vitambaa vyake.

Ijumaa, 22 Januari
Barua. Hakuna hitilafu, malalamiko yamefungwa. Nimeichana. Halafu nimeigundisha tena, ni ushahidi.

Sebuleni 13. Mama analala na kofia.

Nimesoma daftari hili tangu mwanzo. Joto linakuja na fundi, linaondoka na fundi. Hita inamwogopa? Sijui nicheke au nilie. Nalichukia lile bati.

Jumatano, 27 Januari
Simu tano. Nilimwambia yule dada wa kampuni kwamba wasipomleta fundi, mama yangu atahamia ofisini kwao na mto wake. Wakamleta. Mama akavua vitambaa. Hita ya moto. Fundi aliishika, akaondoka. Nikampigia kelele kwenye ngazi mpaka majirani wakafungua milango.

Saa moja baadaye, kengele. Fundi, amesahau tochi.

Mama alikuwa ameshaivalisha sebule yote. Makochi, televisheni, meza. Na hita. Ndiyo, hita. Kitambaa kirefu cha sufu, kizito, amekifuma wiki sita akakimaliza Krismasi, kwa sababu chuma kitupu mbele ya wageni ni aibu. Kinafunika mpaka koki. Nimekizoea hata macho yangu hayakioni tena.

Fundi alinyanyua pembe ya kitambaa kwa vidole viwili, akaingiza mkono, akaniita na mimi niingize wangu. Mle ndani joto limekwama, limeizunguka koki. Kumbe koki ndiyo inayopima joto! Chini ya sufu inadhani chumba kizima kimeshapata joto, inafunga maji. Tukikivua kwa ajili ya fundi, inafungua. Siku zote hizo!

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alikisifia kile kitambaa, akachukua tochi yake.

Hasira yote nikamgeuzia mama. Niliyomwambia sitayaandika.

Alhamisi, 28 Januari
Sebuleni 21. Kitambaa cha sufu kiko sandukuni. Juu yake mama anapanga nguo zake. Anakunja moja moja, hana haraka.

Najikasirikia mimi. Nani alimpigia makofi Krismasi alipokitandaza? Nani alikuwa anakikung'uta vumbi kila Jumamosi? Nimepiga simu kampuni, nimeomba radhi, nimeomba zimfikie yule mzee. Mama sijamwomba bado.

Jumapili, 31 Januari
Nimewaambia kina mama wa kwaya ukweli. Wamecheka hadi machozi. Wawili wamenyamaza ghafla, nadhani wamekumbuka sebule zao.

Nyumbani nimekitoa kile kitambaa sandukuni, nimemfunika mama magoti. Nimemwomba msamaha. Akasema nile kwanza. Nimekula.

Baada ya chai nimeona koti lake mlangoni, limetundikwa pembeni ya langu. Sikuona alilivua saa ngapi. Ameniuliza meza ya ukumbi wa kanisa ina urefu gani. Anataka kuifumia kitambaa cha Pasaka.