Jina la Baba wa Angetile

Jumatatu, 2 Juni 1913. Bujonde
Aliko amekuja tena asubuhi. Kaleta mkungu wa ndizi, kakaa, kanisalimu vizuri — ugonile, shemeji — kisha lilelile. Kaka yake, mume wangu Angetile, kafa mwezi wa pili, mpunga umeshavunwa, sasa mjane ahamie kwake. Wake anao wawili. Mimi wa tatu! Nikasema nimeolewa kanisani, nitakaa nyumbani kwangu na mwanangu Veronika. Akauliza kwa upole: karatasi iko wapi?

Sina. Hatukupewa karatasi. Bwana mchungaji aliandika kitabuni, tukaenda kula.

Aliko si mtu mbaya. Lakini sitaki kurithiwa kama jembe.

Jumatano, 4 Juni
Nimefika Mwaya kwa karani wa boma. Shauri langu na Aliko ni tarehe 18, Bwana mkubwa, Mzungu wa serikali, akishuka kutoka Tukuyu. Kasema mwenye karatasi ya misheni ni mjane huru, mtoto hukaa naye. Asiye nayo, shauri lake la mila: yeye na mtoto kwa ndugu wa mume. Nikauliza, na mashahidi? Leta karatasi kwanza, mama, maneno baadaye.

Wakati wa kurudi nimemkuta mke mkubwa wa Aliko mtoni. Huyu hajui kufunga mdomo. Kasema Veronika ameshatafutiwa mchumba, mtu wa Ndandalo, mzee mwenye ng'ombe wengi. Veronika ana miaka sita! Meno ya mbele hana!

Kesho kutwa nakwenda kwetu Ukisi, pwani ya ziwa, nilikofungia ndoa.

Jumamosi, 7 Juni. Ukisi
Nimepanda mtumbwi wa wauza vyungu waliokuwa wanarudi bila mzigo. Upepo mbaya, nimetapika mara mbili. Nimefikia kwa dada yangu Yunis. Mikono yake udongo mpaka viwikoni, hata kunikumbatia kanikumbatia kwa mabega.

Bwana mchungaji hayupo, homa, kapanda milimani. Ufunguo wa kabati la kitabu cha ndoa anao Mwalimu Ezra. Nimemweleza haja yangu. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kasema: andika barua ya maombi. Mwalimu, si nimesimama hapa? Andika barua. Nikaiandika palepale dirishani, nikampa mkononi. Akaingia nayo ndani, akatoka. Imepokelewa, njoo Jumatatu.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani. Ezra kanipita kama hajawahi kuniona. Labda hata salamu anaitaka kwa barua.

Jumatatu, 9 Juni
Nataka kuandika kwa utaratibu, maana kichwa kinazunguka.

Mwisho wa kitabu kuna orodha, imepangwa kwa jina la baba wa bwana arusi. Ezra kauliza: baba yake Angetile nani? Mke hatamki jina la baba mkwe. Mama mkwe alinifundisha hayo tangu ng'ombe wa mahari walipopokelewa kwetu: jina lake usilitaje, uso wake usiuone, ukimsikia njiani ingia migombani. Hata maneno yanayofanana na jina lake nimeyaacha, nasema mengine. Humu daftarini pia siliandiki.

Nikamwita Yunis alitaje yeye. Kalitaja kwa sauti ya kuuzia vyungu, tena mara mbili, kwa uchokozi tu! Nikaziba masikio. Ezra akatafuta. Hakuna.

Basi tukasoma ukurasa kwa ukurasa, mwaka wote wa 1905. Mchana ukapita. Kisha kidole cha Ezra kikasimama. Angetile, mwana wa Gideoni. Damari, binti Gideoni. Ezra kaniangalia muda mrefu.

Damari ni mimi, na Gideoni ni baba yangu. Kitabuni nimeolewa na kaka yangu.

Nikakumbuka yote. Ilikuwa wiki moja kabla ya ndoa. Angetile alikuwa safarini, mpagazi wa mizigo, nikaenda peke yangu kuandikisha majina. Bwana mchungaji kauliza baba wa bwana arusi ni nani. Nikainama. Kauliza tena. Kauliza mara ya tatu, anagonga meza kwa kalamu, na nyuma yangu watu wanangoja. Nikasema Gideoni. Ndilo jina la baba lililokuwa mdomoni. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikadhani ni jina tu, nani atalisoma?

Ezra hafuti. Kilichoandikwa kimeandikwa, yeye hana mamlaka. Kanipa nakala, kapiga mhuri, chini kaandika kwamba mwombaji anasema pana kosa. Nikimpelekea Bwana mkubwa hii tu atanifukuza. Au atanifunga. Ezra kasema lipo jambo moja: baba wa Angetile aje mwenyewe shaurini, aseme Angetile ni mwanawe na mimi ni mkwe wake.

Ndiye baba wa Aliko pia.

Yunis kacheka mpaka kaharibu chungu. Mimi nimelia.

Alhamisi, 12 Juni. Bujonde
Nimemwambia mama mkwe. Naye kacheka, kashika nguzo. Kisha kicheko kikaisha. Mwanangu, kasema, unamtaka mzee, baba yake, amkane Aliko mbele ya Wazungu? Nikasema simtaki amkane mtu. Aseme kweli tu.

Kaenda kumwambia. Mimi nikakaa nyuma ya migomba na Veronika, nangoja. Miaka minane nimempikia mzee huyu, na ninachokijua kwake ni kikohozi. Mama karudi na bakuli tupu. Mzee kala samaki wote. Kuhusu lile, kasema atafikiri.

Jumapili, 15 Juni
Hakuna jibu. Aliko hanisalimu tena. Veronika kauliza Ndandalo ni mbali? Nani kamwambia!

Naogopa. Naandika wazi, naogopa.

Jumanne, 17 Juni
Mama mkwe kaja alfajiri: mzee atakwenda. Nikasema ndaga fijo, mama, nikapiga magoti. Kasema usimshukuru bado. Aliko jana alimfokea baba yake, hajawahi. Mzee kamjibu kwamba Angetile naye ni mwanawe, kufa hakumwondoi.

Wao watatangulia. Mimi nitafuata nyuma, nisimwone njiani.

Jumatano, 18 Juni. Mwaya, bomani
Nimewekwa barazani nyuma, chini ya dirisha, kaniki kichwani. Ndani yupo Bwana mkubwa, karani anayefasiri, Aliko, mama mkwe. Na mzee. Nasikia kila kitu. Naandika papo hapo.

Nakala yangu imesomwa. Bwana kacheka kidogo. Kaka na dada? Karani kasoma maneno ya Ezra ya chini. Aliko kapewa nafasi, kasema kwa heshima: karatasi hii haijui ukoo wetu, basi irudi misheni na shemeji arudi nyumbani. Kasema vizuri, siwezi kukataa.

Mzee kaitwa. Kikohozi. Nimejikuta nimesimama nataka kukimbia! Nikakaa tena.

Kaulizwa Angetile alikuwa nani. Mwanangu wa kwanza. Damari ni nani? Mke wake, ng'ombe nilitoa mwenyewe, mpaka mlango wa kanisa nilifika. Sura yake unaijua? Mzee kasema hapana. Aliko kaguna. Bwana kauliza tena, karani karudia polepole. Hapana, siijui. Miaka minane na sura yake sijaiona, chakula chake nakila kila siku. Kisha kapaza sauti, na mzee huyu si mtu wa makelele: ningekuwa naijua sura yake, ndipo mngesema si mke wa mwanangu!

Karani kafasiri. Nadhani kafasiri vibaya, maana Bwana kasema shahidi asiyemjua mtu si shahidi. Wakasemezana.

Sasa karani katoka nje kwangu. Amri ni hii: niingie, nifunue uso mbele ya mzee, anitazame, nitaje jina lake kwa mdomo wangu. Kisha Bwana ataandika.

Nimemwambia: nikifunua, Aliko atasema tazameni, hamwogopi, mkwe gani huyu? Nisipofunua, hakuna shahidi. Karani kainua mabega. Yeye mtu wa pwani ya bahari, ataelewa wapi?

Ndani mzee amesema neno, limenifikia hapa dirishani. Kasema: nigeuzieni kiti, nitazame ukuta.

Askari ameniita. Mara ya pili. Kaniki nimeivuta mpaka machoni, naona miguu yangu tu. Naingia hivihivi. Atakayetaka kuifunua aje aifunue yeye, na mzee awe amenipa mgongo, na Bwana aandike alichokiona: mkwe na baba mkwe —