Santuri Iliyooshwa kwa Ajili ya Mgeni

Dada Rehema, shikamoo.

Mtaalamu wako niko Kishapu, jua linakaanga hadi kivuli. Mama Kulwa ana santuri mbili kuukuu, nami natafuta zenye nembo ya kwanza ya kampuni iliyozitoa, yule korongo mwekundu. Aliposikia mgeni anakuja, akaisugua moja kwa mchanga mpaka karatasi ya katikati ikatoka yote! Nusura nilie, mimi niliyefika hadi Lusaka kumtafuta korongo huyo.

"Na ya pili, mama?"

"Hiyo chafu, baba, naona aibu. Nafunikia chungu cha maziwa."

Nikaifuta kwa kidole: korongo huyo, mzima! Kanipa, na michembe ya viazi vikavu juu. Nami nimemnunulia kifuniko cha bati.

Dada, nakupenda sana, ila santuri zangu huko usizioshe.

Mdogo wako,
Masanja