Mguu Unaosikilizwa Kuliko Mimi

Mdogo wangu,

Huku kuku wanataga na paa limeacha kuvuja. Mimi bado sitembei.

Ila kila mgeni akija, mama mkwe hunifinya unyayo, mguu unarusha teke, na wote wanashangilia kwamba napona. Daktari alishaeleza: mgongo ulipovunjika, neva za chini zilinyamaza wiki kadhaa, kisha zikazoea kujibu zenyewe bila kuuliza ubongo, tena kwa fujo. Kumwambia mama mkwe hayo ni kumpigia mbuzi gitaa.

Jana mume wangu alirudisha kiti cha magurudumu hospitali. Nilimwambia nakihitaji, nikalia. Akauliza nalia nini na mguu unacheza vile.

Ukija, usiufinye. Niulize mimi.

Dada yako